Jaa, Debe na Kyondo: Historia ya Taka za Nyumbani katika Katangi, Machakos

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili nchini Kenya akutanapo na neno jaa, yamkini fikira zake huenda moja kwa moja Dandora, mashariki ya Nairobi, ambako tangu miaka ya 1970 mji mkuu umekuwa ukimwaga uchafu wake. Jaa la namna hiyo ni mlima. Lina malori, lina moshi, na lina watu wanaojipatia riziki kwa kuchambua yaliyotupwa na wengine. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, hata hivyo, jaa ni kitu kidogo cha nyumbani, yaani chungu ya majivu, makapi na vumbi la kufagia iliyokaa nyuma ya nyumba, mahali ambapo kuku huparua na mtoto huonywa asichezee. Safari ya neno hili kutoka nyuma ya nyumba hadi Dandora ni sehemu ya historia ya uchumi wa nchi, na historia hiyo haikutukia mjini tu. Katangi, soko dogo katika nchi kavu ya Yatta, ni mahali pazuri pa kuifuata, kwa kuwa huko mabadiliko yenyewe yalikuja kwa kuchelewa na kwa hivyo yaonekana wazi zaidi.

Kwanza maneno yenyewe. Jaa ni neno la kale la Kibantu. Kichewa kina dzala, Kizulu kina izala, yote kwa maana ya mahali pa kutupia majivu na taka. Na mwenye kulinganisha njaa ya Kiswahili na njala ya Kichewa ataona mara moja kwamba l iliyodondoka katika Kiswahili imedondoka kwa kanuni ile ile. Neno taka lina ukoo wa kushangaza zaidi. Katika Kiganda ettaka ni udongo na ardhi, na bataka ni wenye ardhi. Katika Kichewa nthaka ni udongo. Katika Kinyarwanda itaka na ubutaka ni hivyo hivyo. Yaelekea basi kwamba kile ambacho Mswahili hukifagia na kukitupa, ndugu zake wa bara hukilima. Mbolea nayo, ingawa leo mkulima huinunua kwa mfuko dukani, yaonekana kuwa imetoka katika shina la kale lenye maana ya kuoza, ambalo Kizulu kimelihifadhi katika bola na Kiswahili kimeligeuza kuwa oza, ovu na mbovu. Samadi ndiyo iliyokuja kutoka Uarabuni. Mbolea ni ya nyumbani. Maneno haya matatu yakiwekwa pamoja yaonyesha mzunguko mmoja: kitokacho nyumbani huenda jaani, kikaoza, kikawa udongo. Si lazima kudai kwamba waliounda maneno hayo walikuwa na falsafa ya mazingira. Inatosha kusema kwamba hawakuwa na kitu cha kutupa kisichooza, isipokuwa mawe, mifupa na vigae.

Katangi ni mojawapo ya wadi tano za Yatta katika Kaunti ya Machakos, pamoja na Ndalani, Matuu, Kithimani na Ikombe. Mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, na zile za Oktoba hadi Desemba, ambazo vitabu huziita za vuli, ndizo mkulima wa Ukambani azitegemeazo zaidi. Wakati wa ukoloni Yatta ilikuwa nje ya hifadhi ya Wakamba. Serikali iliihesabu kuwa ardhi yake, na ruhusa ya kulisha huko ilitolewa na kunyimwa kadiri ya sera ya wakati huo. Baadaye, na hasa baada ya uhuru, watu walishuka kwa wingi kutoka nchi ya milima ya Iveti, Mbooni na Kangundo, ambako mashamba yalikuwa yamegawanywa hadi yakawa vipande, wakafungua mashamba katika nchi hizi za chini zenye mvua haba. Walikuja na vyombo vyao, na desturi ya vyombo hivyo ndiyo ya kuangaliwa.

Vyombo vya nyumba ya Mkamba mwanzoni mwa karne ya ishirini viliandikwa kwa uangalifu na Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Kiswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912. Mchoro wa jumla waweza kutolewa kwa maneno machache. Kitete, yaani kibuyu, kilikuwa chombo cha maziwa, maji, uji, pombe na mbegu. Kibuyu kikipasuka hakikutupwa: ufa ulishonwa kwa uzi au kwa waya mwembamba, wakati mwingine kwa ushanga, hata kiraka kikawa pambo. Kikishindikana kabisa kilikatwa nusu kikawa nzele ya kunywea, na nzele ikivunjika ikawa kata ya kutekea nafaka. Chungu kilichopasuka kilikuwa kigae cha kubebea makaa kutoka jiko la jirani. Kyondo, kikapu cha nyuzi kilichosukwa na wanawake, kilipotoboka chini kilifumwa upya. Wingi wake katika Kikamba ni syondo.

Chakula nacho kilikuwa na njia zake. Mahindi yakitwangwa kinuni ili kutoa ganda na kupata muthokoi, maganda yale yalikwenda kwa kuku na kwa ng'ombe. Mabua ya mahindi na ya mtama yalikuwa malisho ya kiangazi, wakati ambapo nyasi zimekwisha. Miti ya mbaazi, baada ya kuvunwa, ilikuwa kuni; katika nchi yenye miti michache hiyo si kuni ya kudharauliwa. Majivu ya kuni hizo yalichanganywa na kunde na maharagwe ili kuzuia fukusi ghalani, na yaliyobaki yakasugulia vyombo. Samadi ya zizi ilikwenda shambani, na maafisa wa kilimo walipoandika kwa Kiingereza juu ya samadi hiyo hawakupata neno bora kuliko boma, wakaliingiza katika lugha yao kama lilivyo. Maji ya kuoshea yalimwagwa kwenye mche. Jaa la nyumba kama hiyo lilikuwa dogo sana.

Hapa pana kishawishi ambacho waandishi wengi wa siku hizi wamekiangukia, nacho ni kuisifu hali hiyo kana kwamba ilikuwa mafundisho ya wahenga juu ya kutunza dunia. Ukweli una sura mbili. Ni kweli kwamba watu walikuwa na maarifa, na maarifa hayo yalirithishwa kwa uangalifu. Lakini akiba hiyo yote ilisimama juu ya mikono ya wanawake, na juu ya kumbukumbu ya njaa. Kushona kibuyu, kutwanga muthokoi, kusokota nyuzi za kyondo pajani, kubeba samadi mgongoni hadi shambani: hizi ni saa nyingi za kazi isiyolipwa. Na katika historia ya Ukambani njaa hazina tarehe tu, zina majina. Njaa kuu ya 1898 hadi 1900 yaitwa Ngomanisye. Ile ya 1961 yaitwa Ndeke, kwa sababu chakula kilidondoshwa na ndege. Ile ya 1984 ina jina la Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika, kwa kuwa watu walikuwa na fedha mkononi na hapakuwa na mahindi ya kununua. Jamii inayoihesabu miaka yake kwa njaa haina haja ya kuhubiriwa juu ya makombo. Mwanamke aliyepata nafasi ya kununua sufuria ya chuma alifanya hivyo bila kumsikitikia kitete, na hakuna sababu ya kumlaumu.

Jambo ambalo historia ya Machakos yaonyesha wazi kuliko nyingine ni kwamba kukiita kitu taka, au kukiita ziada, ni hukumu, na hukumu hiyo haitolewi na mwenye kitu kila mara. Katika miaka ya 1930 nchi ya Wakamba ilikuwa katika hali mbaya. Makorongo yalikuwa yamechimbika, vilima vilikuwa vimebaki mawe, na taarifa ya Colin Maher ya mwaka 1937 juu ya mmomonyoko wa udongo katika hifadhi ya Machakos ilizungumza kwa hofu. Kwa maoni ya serikali sababu ilikuwa moja: mifugo imezidi. Sehemu nyingine ya sababu, yaani kwamba ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa na walowezi na kwamba Yatta ilikuwa imefungwa, haikutajwa kwa sauti ile ile. Hivyo ng'ombe wa Mkamba, aliyekuwa benki yake, mahari yake, maziwa yake na mbolea yake, akaandikwa katika mafaili kuwa ni ziada. Kampuni ya Liebig ilijenga kiwanda huko Athi River, kando ya hifadhi, ili ziada hiyo igeuzwe kuwa nyama ya mkebe na bidhaa nyingine za kuuza nje.

Mwaka 1938 serikali ilianza kuwachukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini. Julai mwaka huo Wakamba zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa wakidai kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeacha kupunguza mifugo kwa lazima. Kiwanda cha Athi River kilibaki, na mwaka 1950 kikawa mali ya Halmashauri ya Nyama ya Kenya. Barabara moja kuu mjini Nairobi yaitwa kwa jina la Muindi Mbingu hata leo, ingawa wapitao wengi hawakumbuki kwamba shauri lake lilikuwa juu ya ng'ombe.

Baada ya mifugo ikaja zamu ya mabua. Katika kazi ya kuhifadhi udongo, mabibi na mabwana shamba walifundisha kwamba mabaki ya mavuno yapangwe kwa mistari kukingama mteremko, ili maji yapungue kasi na udongo ukwame. Njia hiyo ni nzuri, na katika mashamba mengi ya Ukambani ilikuwa hatua ya kwanza kuelekea matuta. Lakini jina lake katika Kiingereza cha wataalamu ni mistari ya takataka. Mama wa Yatta hakuwa na takataka za kupanga. Alikuwa na malisho ya Septemba na kuni za kupikia, na kila bua lililolazwa shambani lilikuwa bua lililoondolewa kinywani mwa ng'ombe. Mashauriano marefu kati ya maafisa na wakulima, ambayo katika taarifa nyingi yaitwa ukaidi wa wenyeji, kwa sehemu kubwa yalikuwa mashauriano juu ya tafsiri ya neno hilo moja. Suluhisho lililopatikana mwishowe lilitoka kwa wakulima wenyewe: mabua yakapelekwa zizini, ng'ombe wakala walichotaka na kukanyaga kilichobaki, na zizi likarudisha shambani kitu bora kuliko bua kavu.

Matuta nayo yaliacha alama katika lugha. Kazi ya lazima ya miaka ya 1940 na 1950 ilichukiwa, na uhuru ulipokuja matuta mengi yaliachwa yakabomoka. Kuanzia miaka ya 1970 watu walirudi kuyachimba kwa hiari, kwa msaada wa fedha za Uswidi tangu 1974 na za mradi wa maendeleo wa Machakos tangu 1978, lakini zaidi ya yote kwa nguvu ya mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake. Namna waliyoipenda ni ile ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu. Inaitwa fanya juu, na kwa jina hilo la Kiswahili yafundishwa leo katika vitabu vya kilimo vya ulimwengu mzima. Wanasarufi wataona kwamba jina hilo ni amri. Halikutoka katika methali wala katika hotuba, bali katika kinywa cha msimamizi aliyesimama juu ya mtaro. Kwamba amri ya nyapara imekuwa nomino ya heshima ni jambo linalostahili kufikiriwa na wanaochunguza jinsi istilahi zinavyozaliwa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walionyesha kwamba idadi ya watu wa Machakos ilipanda kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi kama 1,400,000 mwaka 1989, na hata hivyo udongo ulitunzwa vizuri zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Wengine wamepinga kwamba si kila familia ilifaidika. Pingamizi hilo ni la haki, hasa kwa nchi kavu za mashariki, Katangi ikiwa mojawapo.

Wakati huo huo bidhaa za dukani zilikuwa zikiingia, na pamoja nazo vyombo vya bidhaa hizo. Cha kwanza kujulikana kilikuwa debe. Neno hili limetoka katika lugha za Kihindi, na katika Afrika ya Mashariki lilishikamana na mkebe wa mraba wa mafuta ya taa, wa kama lita 18, ambao meli zilianza kuuleta kwa wingi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mafuta yakiisha, debe ndipo lilipoanza maisha yake. Lilitekewa maji. Lilipimiwa mahindi, likawa kipimo ambacho kila mkulima na kila mchuuzi alikielewa. Lilikatwa likawa taa ya utambi, sufuria ya kuokea, jiko. Lilikunjuliwa likawa bati, na vijiji vya Waafrika vya Nairobi ya awali viliezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Likaingia hata katika methali. Na inafaa kukumbuka, kwa manufaa ya wanaoziita methali zote urithi wa kale usio na tarehe, kwamba ile isemayo debe tupu haliachi kuvuma haiwezi, kwa umbo lake hilo, kuwa na umri mkubwa kuliko mafuta ya taa.

Mdogo wake debe alikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Katika sehemu nyingi za Kenya mkebe huo huitwa gorogoro, na kwingine kasuku, kwa jina la mafuta yaliyokuwamo na ndege aliyechorwa ubavuni. Kasuku wa namna hiyo hana mabawa. Ni kipimo cha maharagwe. Wafanyabiashara wengine wamejulikana kukigonga kitako chake kiingie ndani, na hivyo kumpunja mnunuzi, lakini hilo ni shauri la wapimaji. Muhimu hapa ni kwamba chombo cha kiwanda kilipokelewa na nyumba kwa desturi ile ile ya kitete: kilipewa kazi ya pili, na ya tatu. Gurudumu la gari lilikuwa akala za miguuni. Gunia la msaada lilikuwa mkeka, kisha kiraka. Nguo za mtumba, zilizokuwa tayari zimeitwa taka katika nchi nyingine, zilivaliwa Jumapili, kisha shambani, kisha zikawa matambara ya kushikia sufuria. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulipoandika taarifa yake juu ya Kenya, ukatambua kwa mara ya kwanza uzito wa mafundi wasioandikishwa ambao baadaye wangeitwa jua kali, sehemu kubwa ya malighafi ya mafundi hao ilikuwa mabati na mikebe iliyokwisha kutumika.

Desturi hiyo ilivunjika ilipokutana na kitu chepesi mno. Mfuko wa plastiki haukuwa na kazi ya tatu, na ya pili ilikuwa fupi. Jinsi lugha ilivyoupokea yaonyesha kwamba haukupata makao. Tanzania uliitwa rambo, kwa picha ya mwigizaji wa filamu iliyochapwa juu yake, au malboro, kwa jina la sigara. Kenya uliitwa juala, na mara nyingi zaidi karatasi, jina la kitu kingine kabisa. Kwa upande mwingine kikapu cha kale kilikuwa kikipanda cheo. Kyondo cha Wakamba, na kĩondo cha Wakikuyu, kiliingia Kiswahili cha Kenya kwa umbo la kiondo, wingi viondo. Kanuni ya kawaida ya Kiswahili ingetaka chondo, kama chombo na choo. Kwamba ki- imebaki ni dalili ya ugeni wa neno, japo kioo na kiota zatuonya tusiitegemee kanuni hiyo kupita kiasi.

Nyuzi za kyondo pia zina historia. Za kale zilitoka katika magome ya mbuyu na ya vichaka vya porini. Kisha ikaja katani, mmea ambao Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika ya Wajerumani mwaka 1893 na ambao baadaye ulipandwa mashambani Thika na Machakos, ukageuka kuwa ua wa mipaka ya mashamba ya wakulima wadogo. Baadaye zikaja nyuzi za sufu na za nailoni. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo viliuzwa Ulaya na Marekani kwa wingi, vikitiwa mikanda ya ngozi ili vibebwe begani, na vikundi vya wanawake wa Machakos na Kitui vilipata fedha za karo na za mabati kutokana na kazi hiyo. Biashara ilidhoofika vilipotokea vikapu vilivyoigizwa viwandani katika nchi za mashariki ya mbali. Kwa hivyo kwa muda wa miaka mingi palikuwa na kinyume cha ajabu: mwanamke wa Ukambani alisuka kikapu cha kudumu miaka ishirini, akakiuza kwa mgeni, akaenda sokoni na kurudi na sukari yake katika juala lililodumu hadi mlangoni.

Madhara yalijulikana mapema. Mifuko ilipeperushwa na upepo ikanasa katika miiba ya migunga, na katika nchi ya migunga kama Yatta hilo si jambo dogo. Ng'ombe na mbuzi waliila. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, liliarifu mwaka 2017 kwamba katika machinjio ya mji huo baadhi ya ng'ombe walikutwa na mifuko 20 tumboni, na kwamba maduka makubwa ya Kenya peke yake yaligawa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alikuwa miongoni mwa waliolisema jambo hili kabla serikali haijalisikia. Serikali ilijaribu kupiga marufuku mifuko myembamba mwaka 2007, ikajaribu tena mwaka 2011, na mara zote mbili viwanda vilishinda. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006, na Rwanda mwaka 2008. Kenya ilifaulu kwa jaribio la tatu: tangazo lilitolewa Februari 2017, likaanza kutumika tarehe 28 Agosti mwaka huo. Adhabu yake ilikuwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Tanzania bara ilifuata Juni 2019.

Uzito wa adhabu hiyo wafaa kupimwa kwa kipimo cha sokoni. Mwuza nyanya wa Katangi na mwenye kiwanda cha Nairobi walitishwa kwa shilingi zile zile. Aidha marufuku haikugusa kila mfuko. Mfuko ambao kiwanda kimetilia bidhaa yake tangu mwanzo uliruhusiwa, kwa hivyo mkate, chumvi, sabuni ya unga na peremende ziliendelea kufika Yatta katika plastiki ile ile. Migunga ilisafika kwa kiasi kikubwa, na wafugaji hawakuwa na sababu ya kulalamika. Lakini nyuma ya nyumba, katika shimo lililochukua nafasi ya jaa, vifuko vidogo vya ubani wa kutafuna na vya sabuni viliendelea kurundikana, navyo, kwa kuwa havikusanywi na yeyote, huchomwa moto. Majivu yake hayachanganywi na kunde.

Mwaka 2022 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayoitaka kila nyumba itenganishe taka zake katika mafungu, na kuzitaka kaunti ziandae mahali pa kuyapokea. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na istilahi zake ni za kikemia. Zilipofika kwa watu wa kawaida kwa Kiswahili, istilahi hizo zilipata tafsiri rahisi ambayo hakuna kamati iliyoitunga: taka zinazooza na taka zisizooza. Fungu la kwanza ndilo jaa la zamani, nalo katika Katangi halikuwahi kumsumbua mtu, kwani lina ng'ombe, kuku na shamba vya kulipokea. Fungu la pili ndilo linalohitaji lori, na lori hilo, katika sehemu kubwa ya mashambani, bado halijafika.